Kibuyu cha Aregae

Kakuma mtu mzima anaweza kukimbia asubuhi bila kuulizwa anakimbilia nini. Kambi ya wakimbizi ina watu wa kila aina. Wapo vijana wa mpira, wapo wanaowahi foleni ya maji, wapo wanaowahi ibada. Mtu mmoja zaidi akipita mbio kati ya nyumba za mabati na uzio wa miiba, watu humtazama mara moja, kisha huendelea na shughuli zao.

Huko ndiko Ebei Lokiru alikojifunza kukimbia. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya kambini, na alikuwa mlevi. Mambo hayo mawili yalijulikana kwa kiwango kilekile. Alikunywa chang'aa jioni, akanywa tena kabla ya kengele ya asubuhi ili mikono iache kutetemeka. Likizo moja alirudi kwake Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, na kabla ya wiki kwisha akaokotwa katika laga. Alikuwa amelala kwenye mchanga wa mto mkavu, na maji ya mvua iliyonyesha mbali yalikuwa yameanza kushuka. Aliyemwokota ni mkewe, Asekon. Alimburuta hadi ukingoni, akaketi kando yake, akangoja afumbue macho.

"Ukinywa tena," alimwambia, "hata kikombe kimoja, ninawachukua watoto na kwenda kwa kaka yangu kule Kerio. Sitarudi."

Asekon alikuwa karani katika ofisi ya kaunti. Hakuwa mtu wa kutishia. Alisema jambo mara moja, kisha akalifanya.

Ebei alirudi Kakuma na maneno hayo. Mwalimu msaidizi aliyeitwa Chuol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alimfuata nyuma ya darasa siku moja. Chuol naye aliwahi kunywa, na kila mtu shuleni alilijua hilo pia.

"Mwalimu," alisema, "hiyo kiu yako inaamka saa ngapi?"

"Kabla ya jua."

"Basi wewe amka kabla yake. Kesho nakuletea viatu."

"Mimi na umri huu nikimbie? Wanafunzi watanicheka."

"Si walikucheka ukianguka kwa geti? Hapana kimbia, basi. Tembea tu kama mtu amekasirika."

Wakaanza kwa kutembea kama watu waliokasirika. Baadaye walikimbia. Ebei alitapika, akalaani, akarudi kesho yake. Kukimbia hakukuiondoa kiu. Kulimpa mahali pa kuipeleka. Akifika nyumbani akiwa ameloa jasho, miguu ikiuma, alijikuta anataka maji, na mtu anayetaka maji anaweza kwenda kazini.

Chuol alimpa kanuni moja tu. Kila anayekutana naye njiani, amwinulie mkono.

"Watu wakiona mkono wako juu, wanajua hukuiba," alisema. "Mwizi hasalimii."

Ebei akaishika kanuni hiyo. Alimwinulia mkono kila mtu: wenye maduka, askari wa doria, akina mama wenye mitungi. Nao walimwinulia yeye.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, Asekon alimpokea mume ambaye hakumzoea. Alikuwa amekonda vizuri. Alikula. Alimsaidia binti yao mkubwa, Akai, kazi za likizo bila kupandisha sauti. Asekon alimchunguza kwa siku kadhaa, kisha akamweleza alichokuwa amekiamua. Alikuwa ameomba uhamisho wa kwenda ofisi ya Kakuma. Ikiwa Ebei angemaliza likizo bila kunywa, shule zikifunguliwa wangehama wote wanne. Ikiwa angekunywa, safari ya Kerio ilikuwa palepale.

"Nimeelewa," alisema Ebei. Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya jua, akafunga kamba za viatu, akatoka.

Nyuma ya Kanamkemer kuna njia inayopita kwenye vichaka vya mathenge na kushuka hadi laga. Kando ya njia hiyo palikuwa na maboma mapya ya familia zilizotoka upande wa Nadapal, karibu na mpaka. Wavamizi walikuwa wamewashukia alfajiri, wakachukua mifugo, wakaua. Waliobaki walitembea hadi Lodwar, wakajenga hapo, wakaanza kuchoma makaa na kupika pombe ya mtama. Asekon alijua hayo yote. Ebei pia alijua. Hakuna aliyeyaunganisha na viatu vile.

Asekon alikuwa akiwasha jiko aliposikia mayowe. Alitoka hadi uzioni. Wanawake walikuwa wakija mbio kutoka upande wa laga, watoto migongoni na mikononi. Mmoja alibeba sufuria yenye uji. Nyuma yao alikuja Ebei, naye mbio, mkono wake juu.

"Hakuna kitu!" alipaza sauti. "Ni mimi! Ni mwalimu tu!"

Alikuwa akijaribu kuwafikia awatulize. Kadiri alivyowakimbilia, ndivyo walivyozidi kukimbia.

"Simama!" Asekon alimwambia. "Ebei, simama!"

Alisimama. Nao, baada ya muda, wakasimama. Walitazamana, wakahema, na mwanamke mwenye sufuria akaanza kucheka kicheko kibaya. Kisha ukasikika mlio kutoka laga, mwembamba, usiokoma.

Bibi Aregae alikuwa ndani ya kisima. Visima vya laga huchimbwa kwa mikono, na kiangazi kikizidi huwa virefu kuliko mtu. Alikuwa chini akijaza mtungi, na mkaza mwanawe, Adome, alikuwa juu akipokea. Adome alimwona mwanamume akija mbio, mkono wake juu. Akapiga yowe, akakimbia. Bibi Aregae alipanda ukuta wa kisima kwa haraka ambayo mwili wake haukuwa nayo tena, na mchanga ukaporomoka chini ya miguu yake. Mfupa wa paja ulivunjika.

Ebei ndiye aliyemtoa kisimani. Ndiye aliyemshika mgongoni kwenye pikipiki hadi hospitali, akakaa naye, akambeba kurudi alipokataa kulazwa. Jioni hiyo Asekon aliandamana naye kwenda kwa mume wa bibi huyo, Mzee Emuria. Walikwenda wakijua kwamba watadaiwa, na walikuwa tayari.

Emuria aliwapokea akiwa amekaa juu ya kigoda chake.

"Ejok," alisema.

"Ejok," wakaitikia.

"Mwalimu, nikuulize kitu kidogo. Wewe ni Mturkana?"

"Ndiyo, mzee."

"Wa shule, lakini Mturkana." Watu walicheka kidogo. "Mwanamume wa kwetu akitoka asubuhi ana fimbo, ana kigoda. Yule wa leo alikuwa mikono mitupu. Mtu kama huyo ameacha kila kitu nyuma. Halafu anakimbia. Halafu anainua mkono, kama anayesema kimbieni, kimbieni. Mama Akai, ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningekimbia," alisema Asekon.

"Basi." Mzee alikohoa. "Hakutaka ubaya. Hilo tumeliona. Mtu mbaya hambebi mama wa watu mgongoni. Mbuzi hatutaki. Tutamweka wapi, na sisi wenyewe tumewekwa hapa? Utaacha kukimbia njia hii. Na Jumamosi utakuja tunywe pamoja kibuyu kimoja, iishe."

 Asekon aliona vidole vya Ebei vikifungana.

"Mzee," alisema Ebei, "nashukuru. Lakini mimi niliacha pombe."

"Hata mimi huwa naacha," alisema Emuria. "Kila asubuhi."

Wote walicheka, hata Adome aliyekuwa amelia mchana kutwa. Kicheko kilipokwisha mzee alisema kwa sauti ya kawaida kwamba anayekataa kibuyu cha mtu aliyemuumiza huwa ameumiza kwa kusudi. Hakusema kama tisho. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Asekon alianza kulihangaikia jambo hilo kesho yake. Alikwenda kwanza kwa chifu, kwa sababu ndivyo mambo yanavyoanzwa.

"Wamesamehe," alisema chifu. "Bila kesi, bila fidia. Sasa mama, unataka mimi niende niwakataze kusamehe?"

"Nataka wabadilishe kinywaji."

"Hiyo ni mila yao. Kama ni kikao cha kaunti, ningewaambia walete soda."

Kutoka hapo alinunua sukari na majani ya chai, akaenda peke yake kwa Bibi Aregae. Alimkuta amelala kwenye ngozi, mguu uliofungwa plasta umenyooshwa. Mbele yake palikuwa na ungo wa mtama ulioota, na alikuwa akiuchambua kwa vidole vyake mwenyewe.

"Bibi, pumzika. Adome atafanya."

"Mikono haikuvunjika," alisema Aregae. "Hii ya Jumamosi naipika mimi."

Asekon alizungumza kwa uangalifu. Alieleza kwamba mumewe alikuwa mgonjwa, na kwamba ugonjwa wake ulikuwa pombe. Alieleza kuhusu laga na maji yaliyokuwa yakishuka. Kisha akauliza kama wangeweza kunywa maziwa badala yake, kibuyu kilekile, mikono ileile.

Bibi Aregae alimsikiliza hadi mwisho.

"Maziwa," alisema. "Maziwa yalikwenda na wenye bunduki, mwanangu."

Aliendelea kuchambua. Baada ya muda alisema kwamba siku ile ya Nadapal mtoto wake wa kiume ndiye aliyetangulia kuwaona. Alikimbia kutoka malishoni, ameinua mkono, kuwaonya wale walio bomani. Wote walioufuata mkono ule walipona. Yeye hakufika.

"Sasa huyu wako amekuja vilevile," alisema. "Akanitoa shimoni, akanibeba. Nimemwambia Emuria, tukishakunywa naye, huyu ni mtoto wangu. Awe ananichotea maji."

Asekon alikaa hapo hadi chai ikaiva.  Alirudi nyumbani akiwa amebeba kikapu kitupu, na Ebei alipomtazama alitikisa kichwa tu.

Ijumaa Ebei alimpigia simu Chuol, akaweka sauti juu ili mkewe asikie.

"Njoo," alisema Ebei. "Kaa karibu nami kesho. Hilo tu."

"Mwalimu, mimi nakuja na nini? Bila karatasi ya ruhusa hawanipitishi kizuizini. Ofisi yenyewe imefungwa mpaka wiki ijayo. Mimi hapa ni kama mbuzi na kamba yake."

"Najua."

"Umekimbia leo?"

"Nilijaribu barabara ya lami. Nilikutana na Adome na makaa yake kichwani. Aliniona, akatupa mzigo akapiga kelele kabla hajanitambua. Nikianza tu kukimbia, Chuol, nausikia ule mlio wa kisimani."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watoto na redio. Chuol alifikiri.

"Kwetu mzee akibariki anatema," alisema. "Wewe shika mdomoni, halafu tema kwa ardhi, pfff. Wataona umebariki. Usimeze."

Hilo lilikuwa wazo zuri. Ebei na Asekon walilishika kama mpango. Waliongea juu yake jioni yote. Ebei alijaribu kwa maji uani, na watoto wakamwiga, wakamwagiana maji hadi mama yao akawafukuza.

Jumamosi walikaa kwenye kivuli cha turubai mbele ya boma la Emuria. Wanaume walikuwa kwenye vigoda, wanawake nyuma yao kwenye ngozi. Bibi Aregae alibebwa akawekwa katikati. Alikuwa amepakwa mafuta na kuvaa shanga zake zote. Kibuyu kililetwa na Adome, akampa bibi. Bibi alikunywa kwanza, kisha mumewe. Kisha kikaletwa kwa Ebei.

Asekon aliweza kuisikia harufu yake kutoka alipokaa. Aliitambua kabla ya kutaka kuitambua.

Ebei alikishika kwa mikono miwili. Alijaza mdomo, akainama, akatema juu ya ardhi mbele ya mguu ule wenye plasta. Alifanya vizuri sana. Watu waliitikia kwa pamoja, na wanawake wawili wakapiga vigelegele.

"Vizuri," alisema Emuria. "Hiyo ilikuwa ya ardhi. Sasa yako."

Ebei hakusogea. Kibuyu kilikuwa bado mikononi mwake, na midomo yake ilikuwa imelowa. Aligeuka akamtazama mkewe. Wengine wote wakageuka pia.

"Mama Akai," alisema Bibi Aregae, "mwambie mumeo pombe yangu haina sumu."

Walicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa akimtazama Asekon kwa uso ulio wazi kabisa, uso wa mtu aliyepika kwa siku nne akiwa amelala, na aliyekuwa amepata tena mtoto wa kumchotea maji.

Asekon alikuwa na maneno yake tayari. Alikuwa nayo tangu ukingoni mwa laga, na alijua kuyasema mbele ya mtu yeyote. Aliyatafuta. Aliuona mguu uliofungwa, akaona vidole vya bibi vilivyobabuka kwa mtama na moto.

"Kunywa, Baba Akai," alisema.

Ebei alikunywa. Lilikuwa funda moja tu, na mikono yake haikutetemeka. Alikaa na kibuyu kidogo zaidi ya wengine kabla ya kukipitisha. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mkewe.

Walirudi nyumbani mapema. Ebei alikuwa mchangamfu, akasimulia maneno ya Emuria kwa sauti ya Emuria, na watoto wakafurahi. Alilala vizuri. Kesho yake alikwenda kumchotea bibi maji, kama ilivyokuwa wajibu wake sasa, akarudi baada ya muda mfupi. Siku iliyofuata alikwenda tena. Alichelewa kidogo. Alisema kwamba bibi alimsimulia habari za mwanawe, na hakuweza kuondoka katikati. Siku nyingine alichelewa zaidi, na aliporudi alipita moja kwa moja hadi kwenye mtungi, akasukutua mdomo kabla ya kusema neno.

Asekon aliutoa mfuko mkubwa juu ya kabati, akauweka kitandani. Alimpigia kaka yake. Kaka alisema waje, samaki wapo, nyumba ipo. Aliweka nguo za watoto, akazitoa, akazikunja upya. Alitaka kumwambia Ebei kwamba sharti limevunjwa. Lakini kila alipoyapanga maneno hayo alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kunywa, na hakuweza kuanza sentensi.

Ebei aliuona mfuko. Aliupita.

Asubuhi moja aliamka kabla ya jua, kama zamani. Asekon alimsikia, akajifanya amelala. Ebei alivitoa viatu vya Chuol chini ya kitanda, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, akaviweka magotini. Alizifungua kamba, akazilegeza, akazivuta sawa. Alikaa hivyo hadi pakapambazuka. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Vaa," alisema Asekon kutoka kitandani. "Nenda tu. Popote."

"Miguu imekataa," alisema.

Mlango wa uzio ulisukumwa. Alikuwa Adome, na mtungi mtupu mkononi.

"Ejok," alisema. "Mama anauliza mtoto wake yuko wapi. Anasema jua limetoka na hajanywa chai kwa kumngoja."

Ebei alimtazama mkewe. Alikuwa akingoja akatazwe. Ilikuwa wazi usoni mwake, kama mtoto anayengoja mzazi amwambie mgeni kwamba leo hachezi.  Adome alisimama pale mlangoni akitabasamu, mjane wa yule aliyeinua mkono, na mtungi wake.

"Anakuja," alisema Asekon.

Ebei alivirudisha viatu chini ya kitanda, akavaa ndara za tairi. Alichukua fimbo na kigoda ambavyo Emuria alimpa siku ile ya turubai, ili watu wamjue kwa mbali. Asekon alisimama uzioni akamtazama akishuka njia ya laga. Hakukimbia. Alitembea kwa hatua za mtu mzima, kigoda kikining'inia kwenye kidole, mkono wake chini. Akina mama waliokuwa visimani waliinua vichwa, wakamwona, wakaendelea kuchota. Hakuna aliyeshtuka.